Kundi la walioacha pombe, Nairobi

Dada, umeuliza kaka yako atapata wapi kundi la watu wanaosaidiana kuacha pombe hapo Nairobi. Pigeni 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Ni bure, saa 24, na wanaweza kuwaelekeza kwa msaada ulio karibu. Tafuteni pia mikutano ya Alcoholics Anonymous, makundi ya watu wanaosaidiana kuacha pombe. Hakuna ada, na sharti la kujiunga ni moja tu: awe anataka kuacha. Hata jina la pili haulizwi.

Asiende mara moja akakata tamaa. Mimi kundi la kwanza halikunikaa kabisa, nilikaa nyuma na kutoka bila kusalimia mtu. La tatu ndilo nililobaki nalo, kwa sababu mzee mmoja alinipa namba yake akaniambia nimpigie kiu ikinibana, hata usiku wa manane. Nilimpigia, tena sana. Kwa hiyo ajaribu matatu au manne kabla ya kuamua.

Ila hili nakuomba ulishike: kama anakunywa kila siku na mikono inatetemeka asubuhi, asikate ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili unaweza kuingia degedege, na watu hufa. Aanzie hospitali kwanza, Mathari au iliyo karibu nanyi, kundi lifuate.

Na wewe usijisahau. Al-Anon ni makundi kama hayo kwa ajili ya familia za wanaokunywa, unaweza kwenda hata yeye akikataa.