Miwani ya Mlenga Shabaha wa Mongolia

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi cherehani hapa Jinja. Wateja wangu wamekuwa wakinionyesha katika simu zao picha ya Otryadyn Gundegmaa, mwanamke wa Mongolia, ameshika bastola na kuvaa miwani ya vyuma inayotisha. Wengine wanadai kwamba miwani hiyo ina kompyuta inayomlengea. Je, ni kweli?

JIBU: Dada yangu, humo hamna kompyuta. Mbele ya jicho linalolenga kuna lenzi moja yenye kitundu kinachoweza kupanuliwa au kubanwa, na jicho la pili huzibwa kwa kipande cha plastiki ili mlengaji asilazimike kulifumba na kuuchosha uso. Wewe fundi utanielewa upesi: toboa karatasi ngumu kwa sindano yako, uchungulie maandishi madogo kupitia tundu hilo, nawe utaona herufi zilizokuwa na ukungu zikiwa wazi zaidi. Mlengaji anahitaji msaada huo kwa sababu jicho haliwezi kuona vizuri kwa wakati mmoja ncha ya bastola na shabaha iliyo mita 25 mbele yake. Kuunyosha mkono mmoja bila kutetemeka ni kazi yake mwenyewe.

Vyuma hivyo hufanana na vitu vya filamu za roboti, na ndiyo maana picha husambaa. Sioni ubaya, ila huniuma zinaposambaa bila historia ya mwenyewe. Gundegmaa alianza Olimpiki mjini Atlanta mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 18, akashiriki mara 6 mfululizo hadi Rio mwaka 2016, na mjini Beijing mwaka 2008 alitwaa medali ya fedha ya bastola ya mita 25, nyuma ya Chen Ying wa China na mbele ya Munkhbayar Dorjsuren, mzaliwa wa Mongolia aliyeiwakilisha Ujerumani.

Waambie wateja wako pia habari za Kim Yeji, mlenga shabaha wa Korea Kusini mwenye miwani kama hiyo, ambaye video yake ya mashindano ya Baku ya Mei 2024 ilienea dunia nzima. Katika Olimpiki ya Paris mwaka huohuo alipata medali ya fedha ya bastola ya mita 10, lakini katika mita 25, mchezo uleule wa video hiyo, alichelewa kufyatua risasi moja ndani ya sekunde 3 zinazoruhusiwa, akapewa sifuri na kukosa fainali. Miwani ingekuwa ndiyo inayolenga, risasi ile isingechelewa.