Ndege anayegonga dirisha kila alfajiri: mganga wa nini?

Mkuu, umesema kuna ndege mweusi na mweupe, mkia wake hautulii, anadonoa kioo cha sebuleni kila alfajiri, na mama mkwe ameanza kuulizia mganga. Mwambie mama atunze nauli yake. Huyo ni kiluwiluji na anapigana na sura yake mwenyewe. Anaona mwenzake kaingia eneo lake na hataki kuondoka. Wa kwangu alihamia kwenye kioo cha pembeni cha gari mpaka nikakivisha soksi. Atakuchafulia dirisha kwa kinyesi, basi. Bandika magazeti kwa nje wiki mbili tatu, asimwone mgomvi wake.

Kilichonifanya niandike kirefu ni mstari wako wa mwisho, ule wa kuokota ndege wawili barazani wamekufa. Hapo kiluwiluji hahusiki.

Mimi niko Tanga, nyuma ya nyumba kuna miembe miwili. Zamani tulikuwa na madirisha ya mbao, nondo, na wavu wa mbu kwa nje. Miaka kumi na ushee sikuokota hata shomoro. 2019 fundi akatuwekea aluminiamu ya kuteleza na vioo vya tinti, vile ambavyo aliye nje hakuoni. Mwezi wa kwanza tu: chozi wawili, shore mmoja, na tetere ambaye sikumwona ila aliacha vumbi la manyoya kwenye kioo, mabawa yote mawili kama yamechorwa.

Simama nje saa nne asubuhi uangalie dirisha lako. Utaona mti na mawingu. Ndege naye anaona hivyo hivyo, anakwenda kutua kwenye tawi ambalo halipo.

Aliyeniuma zaidi ni mdiria mdogo, yule wa kifua cha rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, ambaye ingawa ukoo wake unajulikana kwa kuvua samaki, yeye anakula wadudu. Kusi inapoanza, mwezi wa nne, wengine hutoka kusini mwa Afrika kuja pwani yetu, na husafiri usiku. Nilimkuta asubuhi chini ya dirisha la jikoni, anatosha kwenye kiganja.

Nikaanza kuhangaika. Pazia halikusaidia kitu, maana mti unaoonekana uko usoni mwa kioo, si ndani. Nikabandika picha moja ya mwewe. Ndege wakawa wanagonga pembeni yake. Alama lazima ziwe upande wa nje, zienee kioo chote, na nafasi kati yake isizidi sentimita 5, yaani vidole vitatu hivi. Nilichora mistari kwa sabuni ya mche ikafanya kazi vizuri, hadi masika ikaiosha. Sasa nimepigilia ubao juu ya dirisha na kuning'iniza kamba nyembamba za katani kila baada ya sentimita 10, nafasi inayotosha kwa kamba zinazoning'inia, chini ziko huru. Katani Tanga si ya kutafuta. Mke wangu anasema nyumba inafanana na kibanda cha chipsi, lakini tangu hapo nimeokota mmoja tu.

Na usidhani ni ushamba wetu. Jengo la mikutano la McCormick Place, Chicago, liliua karibu ndege 1,000 usiku mmoja wa Oktoba 2023. Mwaka uliofuata wakabandika nukta ndogondogo kwenye vioo, vifo vikashuka kwa zaidi ya asilimia 90.

Kosa langu jingine lilikuwa karai la maji. Nililiweka mita tano kutoka dirishani ili nione vizuri, kumbe ndege akishtuka anafika kwenye kioo akiwa na kasi kamili. Nimelisogeza, sasa liko chini ya mita moja. Hata akigonga, hajapata mwendo wa kumuua, na mimi naona vizuri zaidi.

Ukimkuta anahema, usimnyweshe maji wala usimshikeshike. Boksi la viatu, toboa matundu, kitambaa chini, funika, weka pakimya mbali na paka. Baada ya saa moja au mbili lifungulie nje. Shore wangu wa mwisho alikaa dakika arobaini, akaninyea mkono, akaruka hadi kwenye mwembe wa kweli.