Mume Wangu Anazima Moto Wangu wa Kiroho

SWALI: Shangazi, mimi ni mke na mama, na ni kiongozi wa maombi ya kinamama kanisani kwetu. Ninafunga kila wiki, ninakesha kila Ijumaa, na Jumamosi tunakwenda hospitalini kuwafariji wagonjwa. Zamani mume wangu nilisali naye kwa moyo mmoja, lakini sasa amepoa kabisa. Tukianza ibada ya jioni anasinzia, na hivi karibuni amenitaka nipunguze mikesha kwa sababu mama yake, ambaye tunaishi naye na hawezi kuinuka kitandani, anahitaji mtu wa kumgeuza usiku. Nikimkumbusha habari ya Martha aliyehangaika na utumishi na Mariamu nduguye aliyeketi kumsikiliza Yesu, ananyamaza. Ninaona hivi ni vita vya kiroho, na nimefikiria kumfikisha mbele ya wazee wa kanisa. Nitakuaje kiroho nikiwa na mume wa namna hii, na nimwombee nini?

JIBU: Mwanangu, pole, kwa maana kusali peke yako katika nyumba mliyozoea kusali wawili kunaumiza. Pole yangu inaishia hapo. Barua yako nimeirudia mara kadhaa, na kila nikiisoma ninamwona mtu mmoja nyumbani kwenu anayekesha kweli kweli, naye si wewe.

Huduma zako umezitanguliza zote, kila moja na siku yake. Mama wa watu, asiyeweza hata kujigeuza, umemchomeka katikati ya malalamiko kana kwamba yeye ni kisingizio cha mumeo. Hukuniambia ameugua tangu lini, wala ni nani anayemwogesha na kumbadilisha shuka, na kimya hicho kimenieleza mengi kuliko maneno yako. Mgonjwa wa namna hiyo kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, mchana na usiku, ili asitoke vidonda vya kulalia upande mmoja. Mwanamume anayeifanya kazi hiyo usiku, kisha kukapambazuka akaendelea na shughuli zake, wewe unashangaa akisinzia katika ibada ya jioni? Unachokiita kupoa ni uchovu wa mtu anayeitumikia imani yake mahali ambapo hakuna anayempigia makofi.

Habari ya Martha na Mariamu uliyomkumbusha nayo hukuisoma yote. Katika Luka 10 Martha hakukemewa kwa kuandaa chakula. Alikemewa kwa kusumbuka na kwa kumshitaki nduguye mbele ya Bwana, na kwa kushitaki ninaona unamfuata vizuri. Tena Luka ameiweka habari hiyo mara tu baada ya ile ya Msamaria aliyemwinua majeruhi njiani, huku kuhani na Mlawi, watu wa ibada, wakipita kando. Na ukienda Yohana 12 utamkuta Martha huyo huyo akitumika tena kwenye karamu, wala hapana aliyemwambia aache.

Jambo lako lenyewe limo katika Marko 7. Pale Yesu anawakemea watu waliowaambia wazazi wao kwamba kile ambacho kingewasaidia kimekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu, hivyo wasikitarajie tena. Wewe huna mali ya kuweka wakfu, lakini umeweka wakfu usiku wako, na mgonjwa wa nyumbani mwako hana haki ya kuuomba. Usiniambie kwamba huyo ni mzazi wa mumeo, kwa kuwa siku mlipofanywa mwili mmoja mama yake naye aliingia katika hesabu yako. Isaya 58, sura ambayo viongozi wa maombi huipenda wanapotangaza saumu, inataja mikate ya wenye njaa na nguo za walio uchi, kisha inaongeza sharti moja linalorukwa sana: kutojificha na mtu wa damu yako. Paulo naye, katika 1 Timotheo 5:8, anasema asiyewatunza walio wake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Maneno hayo ni makali kuliko yangu.

Na hili si lako peke yako. Ndoa za siku hizi zimejaa watu wanaohudumu kwa bidii popote palipo na macho ya kuwatazama. Mgonjwa wa hospitalini unamtembelea kwa muda mfupi ukiwa umevaa vizuri, anakushukuru, mnapiga picha, mnaondoka. Mgonjwa wa nyumbani ananuka, analalamika, anasahau kwamba umemlisha muda si mrefu, na kesho yupo pale pale. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, ila wewe umechagua kucheza ugenini kwa sababu kwenu hakuna shangwe. Yesu aliinama kuwaosha miguu wanafunzi wake na Yuda akiwamo, akijua wazi kwamba Yuda huyo atamsaliti usiku ule ule. Huduma inayomkuza mtu ni ile isiyochagua miguu ya kuosha.

Sikwambii uache kusali, wala sitaki mzigo wote wa mgonjwa uhamie mgongoni mwako kwa kuwa wewe ni mwanamke. Mumeo hakuomba hivyo, naye ameonyesha kwa mikono yake kwamba hataki hivyo. Marko 1 inasimulia jinsi Yesu alivyoponya wagonjwa jioni hadi mji wote ukakusanyika mlangoni, kisha akaamka alfajiri na mapema akaenda mahali pasipo watu, akasali. Sala na kazi vilifuatana, kimoja hakikuwa udhuru wa kukikwepa kingine.

Basi, kaa na mumeo mgawane usiku. 1 Wakorintho 7:5 inawataka wanandoa wanaotengana kwa ajili ya sala wafanye hivyo kwa kupatana na kwa muda, na wewe mikesha yako uliipanga peke yako. Mkesha wa Ijumaa uhamishie kando ya kitanda cha mama mkwe. Mgeuze, mpanguse, kisha msomee Zaburi ya 71, ambayo ni sala ya mzee anayemwomba Mungu asimtupe nguvu zinapomwishia. Uongozi wa maombi mwachie mwenzako kwa muda; kikundi kikisambaratika kwa sababu haupo, basi kilisimama juu yako tangu mwanzo. Wala usiende kuwasimulia wenzako unayoyafanya nyumbani.

Kwa wazee wa kanisa usimpeleke, maana wakiuliza maswali mawili ya maana utakayerudi na aibu ni wewe. Uliuliza umwombee nini. Mwombee usingizi, na kwa kuwa jibu la ombi hilo liko mikononi mwako, zamu ya usiku wa leo ichukue wewe. Kisha mwombe msamaha kwa yale uliyoyasema juu yake mbele ya kikundi chako, kwa sababu sina shaka kwamba jina lake limekwisha kutajwa huko.