Hamira haijachoka, tangi ndilo lina wageni

SWALI: Tuna kiwanda kidogo Kakamega, tunachachusha molasi kupata ethanoli. Mwanzoni pombe tangini ilifika asilimia 8. Kila mzigo ukiisha tunabakiza mashapo ya hamira kuanzishia unaofuata. Sasa hatuvuki asilimia 5, na tangi linanuka siki. Muuzaji mmoja anasema hamira imechoka, anatuletea galoni la "hamira iliyoboreshwa vinasaba". Tununue?

JIBU: Msinunue. Harufu hiyo ya siki imeshajibu nusu ya swali.

Hamira si punda wa mkokoteni, eti ichoke. Mkibakiza mashapo mnabakiza pia bakteria wa asidi, na kila mzunguko wanazidi. Sukari wanayoila haiwi pombe, na asidi wanayoitoa inaikaba hamira iliyosalia. Chukueni tone la mashapo, litieni rangi ya methileni bluu, mlitazame kwa darubini inayokuza mara 400. Hamira mtaiona ya mviringo, nyingine ina kichipukizi ubavuni. Iliyokufa hugeuka bluu, iliyo hai haishiki rangi. Vile vijiti vidogo vyembamba vilivyozagaa katikati yake ndio wezi wenu.

Kurudia hamira si kosa. Brazili wanairudisha msimu mzima, lakini kwanza huiosha kwa asidi ya salfuriki hadi pH (kipimo cha ukali wa asidi; ikishuka, asidi imezidi) ikaribie 2, wakaiacha hapo saa moja au mbili, ndipo irudi tangini. Na hamira zao mashuhuri, PE-2 na CAT-1, ni za porini: ziliingia zenyewe viwandani, zikaishinda ile iliyotiwa, wataalamu wakazitenga na kuzitunza. Nanyi osheni tangi na mabomba, anzeni na mbegu safi ya hamira, na akiba yake iwekwe kwenye vichupa vyenye gliserini, katika friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kama hamna friza hiyo, iombeni maabara ya chuo kikuu iwatunzie. Kichupa kikifunguliwa hakirudishwi.

Sasa hilo la vinasaba, ambalo linanikera. Hamira za namna hiyo zipo kweli. Mwaka 2013 ilitangazwa inayotoa gramu 25 kwa lita za asidi ya artemisini, malighafi ya dawa ya malaria. Ilikuwa kazi ya miaka, na hukuzwa kwenye matangi yaliyotakaswa kwa mvuke. Hamira iliyobebeshwa jeni ngeni hugharamika kuzibeba. Seli ikizipoteza hukua upesi kuliko wenzake, na baada ya vizazi kadhaa tangi ni lake. Kwenye mashapo yenu ingemezwa na wale wale wezi. Tena Kenya ina Sheria ya Usalama wa Kibayolojia tangu 2009: kiumbe kilichobadilishwa vinasaba hakiuzwi kwa galoni nyuma ya pikapu bila kibali.

Magaloni hayo nayaona kila mahali: ya mtindi, ya biogesi, ya kumaliza kinyesi shimoni, na yote "yameboreshwa". Muulizeni muuzaji jina la kisayansi la kiumbe, namba yake kwenye benki ya vijidudu (hazina inayovitunza vikiwa na namba), na idadi ya seli hai kwa mililita siku ya kujazwa. Mmoja nilipomwomba hiyo namba ya benki, alinitumia ya M-Pesa.