Simuleta Nyumbani: Anza na Umeme, Waya na Chumvi

Maswali yenu kuhusu simuleta, zile programu za kurushia ndege kwenye kompyuta, yamejaa tena, na mengi nimeshayajibu. Anayeniandikia "joistiki imekufa, nisaidie" hanipi pa kuanzia. Niambie kifaa ni cha aina gani, simuleta ni ipi, umekichomeka wapi na tatizo lilianza lini. Bila hayo tunabahatisha sote wawili.

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Usukani wangu una miaka mitatu. Tangu mvua za masika, ndege inatikisa mabawa hata nikiachilia mikono. Nimefuta simuleta na kuisakinisha upya, wapi. Nimepanua ile sehemu ya katikati isiyosikia mkono, bado. Msomaji, Bamburi.

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Simuleta haina kosa. Microsoft Flight Simulator ya 2020 peke yake inakula zaidi ya gigabaiti 100, na wewe umezipakua tena kwa tatizo ambalo haliko ndani yake.

Unaishi Bamburi, na upepo wa bahari unaingia chumbani na chumvi yake. Ndani ya usukani wa bei ya kati mna potensiometa, ambazo mafundi huziita poti: ukanda wa kaboni na kidole cha chuma kinachosugua juu yake. Kidole kikisogea, volti inabadilika, na ubao wa ndani unaigeuza volti hiyo kuwa namba. Ubao wa biti 10 hutoa namba kutoka 0 hadi 1023. Kaboni ikichakaa au ikishika unyevu wenye chumvi, kidole kinapoteza mguso kwa kitambo kidogo sana, na namba iliyokuwa 512 inaruka hadi 700 kisha inarudi. Simuleta inasadiki kwamba umegeuza usukani, nayo inatii.

Thibitisha kwanza, usifungue kitu. Zima simuleta. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, chagua usukani wako, uitazame ile alama ya msalaba bila kuugusa usukani. Ikicheza yenyewe, ugonjwa uko kwenye kifaa au kwenye umeme unaokilisha. Ikitulia, geuza taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ikiruka mahali palepale kila mara, poti imeliwa hapo. Rudia jaribio kwenye kompyuta nyingine. Ni kazi ya dakika chache, na ingekuokolea bando lote hilo.

Tiba: chomoa, fungua, tafuta dawa ya kusafishia viungo vya umeme, ile inayokauka yenyewe na isiyodhuru plastiki. Puliza kidogo kwenye upenyo wa poti, izungushe mara nyingi, iache ikauke kabisa. Usitie mafuta ya cherehani wala ya bawaba. Yanakamata vumbi, na mwezi ujao utaniandikia tena. Kama poti imekwisha, badilisha. Soma maandishi ya mgongoni: B10K ni kiloohmu 10 za mwendo ulio sawa, na hiyo ndiyo utakayoikuta kwenye vifaa vingi. Muuzaji akikupa A10K akisema ni ileile, irudishe. Herufi A ni ya kuongezea sauti ya redio. Ukiifunga, ndege itakuwa nzito upande mmoja na nyepesi upande wa pili.

Kupanua katikati ni kuficha ugonjwa. Siku utakapotua na upepo wa ubavu, miondoko midogo unayoihitaji ndiyo uliyoizima. Na ukija kununua kingine, ulizia chenye sensa za sumaku, zile za Hall. Hakuna kinachosuguana ndani yake. Mtu wa Pwani sioni kwa nini anunue aina nyingine akiwa na uwezo. Jioni kifunike kwa leso kavu.

SWALI: Kila nikiruka kutoka uwanja wa Moi na Cessna 172, ndege inavuta kushoto. Nadhani pedali zimeharibika. Msomaji, Changamwe.

JIBU: Pedali ni nzima. Ndege ya injini moja ya pangaboi huvuta kushoto ukiongeza nguvu, kwa sababu ya mzunguko wa injini na upepo unaojizungusha kutoka kwenye pangaboi hadi kwenye mkia. Kanyaga pedali ya kulia kadiri inavyohitajika. Barabara ya kurukia ndege ya 03/21 pale Moi ina zaidi ya kilomita tatu, nafasi ya kujizoeza unayo tele. Wengi hukimbilia kuwasha usaidizi wa kompyuta ili ndege inyooke yenyewe. Uzime. Ukiuzoea huo hutajua kamwe pedali ni za nini.

SWALI: Throto, ile levara ya nguvu za injini, inapanda na kushuka yenyewe. Nimeipanga ndani ya simuleta na pia ndani ya FSUIPC, ile programu ya kuunganisha vifaa na simuleta, ili iwe na nguvu zaidi. Msomaji, Likoni.

JIBU: Ondoa moja. Mabwana wawili hawaendeshi levara moja. Na kila unapochomeka kifaa kipya, fungua mipangilio ya simuleta uone kama haikukipangia kazi yenyewe bila kukuuliza, kwa maana hufanya hivyo.

SWALI: Nipige Windows upya?

JIBU: Hapana. Hujaniambia hata tatizo ni nini.

SWALI: Nina pedali, throto na paneli ya redio kwenye habu moja, kile kigawanyio cha milango ya USB. Nikiwa angani, kama baada ya nusu saa, vyote vinazimika kwa pamoja na nasikia ule mlio wa kifaa kuchomoka. Msomaji, Mikindani.

JIBU: Hili ndilo swali zuri, kwa kuwa umetaja vyote vinazimika kwa pamoja. Kikizimika kimoja, shuku waya wa kifaa hicho. Vikizimika vyote, shuku pale vinapokutana, yaani habu.

Mlango wa USB 2.0 unatoa miliampea 500, na wa USB 3.0 miliampea 900. Habu isiyo na adapta yake inagawanya hicho kidogo kwa kila mmoja. Paneli yenye taa na vioo vya namba inaweza kula sehemu kubwa peke yake. Taa zote zikiwaka, volti inashuka, habu inajizima na kuanza upya, na wewe unabaki angani bila pedali. Nunua habu yenye adapta ya ukutani, ya volti 5 na ampea 3 au zaidi. Zile habu bapa za bei ya chee ziachie kipanya na kibodi.

Kisha angalia Windows, ambayo hupenda kulaza milango ya USB ili kuokoa umeme. Fungua Device Manager, nenda kwenye kila USB Root Hub, na kwenye ukurasa wa umeme ondoa alama inayoiruhusu kompyuta kuzima kifaa. Halafu kwenye mpango wa umeme wa kompyuta nzima zima kipengele cha USB selective suspend. Baada ya sasisho kubwa rudi ukague, maana mipangilio hii wakati mwingine hurudi ilivyokuwa.

Jambo moja hukuniuliza: bandika tepu yenye namba kwenye kila waya na kila mlango, waya namba moja kwa mlango namba moja, wa pili kwa wa pili. Ukihamisha kifaa kwenda mlango mwingine, Windows inaweza kukihesabu kama kigeni na simuleta ikasahau ulichokipangia.

SWALI: Waya wa USB wa mita 10 kutoka kompyuta hadi pedali unanisumbua. Msomaji, Nyali.

JIBU: Mwisho wa waya wa kawaida wa USB 2.0 ni mita 5. Sogeza kompyuta, au tumia waya wenye kiongeza nguvu ndani yake.

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina kompyuta mbili. Moja inaendesha simuleta, ya pili inaonyesha ramani na mita. Nimeunganisha kwa WideFS, programu ya kupeleka data za simuleta kwenye kompyuta nyingine, kupitia Wi-Fi. Jana ilikuwa sawa, leo WideClient, sehemu yake iliyo kwenye kompyuta ya pili, inasubiri tu muunganisho na haiupati. Sikugusa kitu. Msomaji, Tudor.

JIBU: Marahaba. Wewe hukugusa kitu, lakini umeme je? Kama ulikatika usiku, ruta iliwaka upya na kugawa upya anwani, yaani namba inayoitambulisha kila kompyuta kwenye mtandao. Kompyuta ya simuleta iliyokuwa 192.168.1.5 leo huenda ni 192.168.1.8, na faili yako ya WideClient.ini bado inaibishia hodi nyumba ya jana. Katika barua za namna hii, huyu ndiye mshukiwa wangu wa kwanza.

Fuata mpangilio huu, usiruke. Kwenye kila kompyuta fungua dirisha la amri na uandike ipconfig. Namba tatu za kwanza za anwani zifanane. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta hiyo haikupewa anwani na ruta, ikajipa yenyewe. Hapo tatizo ni waya, swichi au ruta, na WideClient usiiguse hata kidogo. Ukikuta moja iko kwenye Wi-Fi ya wageni, itoe huko; ruta nyingi huzuia wageni wasione vifaa vya mwenye nyumba.

Anwani zikiwa sawa, ingia kwenye ruta uihifadhie kompyuta ya simuleta anwani moja ya kudumu. Kisha fungua WideClient.ini uandike anwani hiyo kwenye ServerIPAddr, na chini yake Protocol=TCP. Wengi huandika mstari wa kwanza wakausahau wa pili, halafu wanalaumu programu. Ukitaka zitafutane zenyewe bila anwani, basi kompyuta zote mbili ziwe na jina moja la workgroup, yaani kikundi cha mtandao ndani ya Windows.

Bado? Angalia Windows inauitaje mtandao wako. Kama uliwahi kubadilisha ruta, huenda Windows ilikuuliza swali, ukabonyeza haraka, na sasa mtandao wa nyumbani umeandikwa Public, kama uko mkahawani. Ubadilishe uwe Private kwenye kompyuta zote mbili, kisha ruhusu simuleta na FSUIPC kwenye fayawoli, yule mlinzi wa mtandao wa Windows, upande mmoja na WideClient upande wa pili. WideFS kwa kawaida hupita mlango wa TCP 8002. Nawasihi: msizime fayawoli nzima kisha mkaisahau hivyo. Kompyuta hiyohiyo ndiyo watoto wanafanyia kazi za shule na ndiyo mnafungulia akaunti za benki.

Sasa Wi-Fi. Kasi yake inaweza kutosha, lakini ucheleweshaji wake haueleweki: mara kidogo, mara mwingi, na sindano ya mwinuko inakwenda kwa kurukaruka. Kuta nene za mawe ya matumbawe, kama za Mji wa Kale, zinaumeza mawimbi. Vuta waya. Cat5e inabeba gigabiti moja hadi mita 100, na nyumba yako haifiki huko. Swichi ndogo ya milango mitano inatosha. Dukani uliza kama waya ni wa shaba tupu, kwa sababu umejaa ule wa alumini iliyopakwa shaba. Ukiukunja mara chache unakatika ndani, na hewa yetu inaula haraka. Kwaruza ncha kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, urudishe.

SWALI: Saa ninazoruka nyumbani zitahesabiwa nikienda chuo cha urubani? Msomaji, Kongowea.

JIBU: Hapana, mwanangu. Vinahesabika vifaa vilivyoidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, na meza ya sebuleni si kimojawapo. Lakini anayefuata orodha ya ukaguzi kila safari, anayetua kwa kasi sahihi na anayejua kusoma chati atafika darasani ameshapiga hatua. Anayeruka chini ya Daraja la Nyali kila jioni atafika na tabia za kuondolewa.

SWALI: Kompyuta niliyoletewa na shemeji kutoka Ujerumani inanipiga mtetemo nikigusa kasha lake nikiwa miguu mitupu. Pia usukani unachezacheza. Ni kawaida? Msomaji mama, Mtwapa.

JIBU: Mama, ni hatari, na ningependa usome jibu hili kabla ya kuiwasha tena.

Plagi za Ujerumani ni za duara, na waya wa ardhi unagusa kupitia vipande viwili vya chuma vya ubavuni. Adapta ndogo za mfukoni nyingi hazivigusi vipande hivyo. Wengine hata adapta hawatumii: wanachokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Kwa njia zote mbili kompyuta inapata umeme bila ardhi.

Ndani ya pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani ndani ya kompyuta, mna kapasita ndogo zinazounganisha nyaya za umeme na kasha ili kuzima kelele za umeme. Ardhi isipokuwepo, kasha linaelea katikati, karibu volti 120 kwa umeme wetu wa 240. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unausikia kama mtetemo tu. Lakini siku waya wa ndani utakapochubuka na kugusa kasha, volti zote 240 zitasubiri mkono wa mtu, na fyuzi haitakatika kwa kuwa umeme hauna njia ya kwenda ardhini. Kelele hizohizo zinaweza kupita kwenye USB na kuuchezesha usukani. Vilevile ukichomeka waya wa skrini kati ya mashine yenye ardhi na isiyo nayo, cheche moja inatosha kuua mlango.

Nunua waya wa umeme wa kompyuta wenye plagi ya pini tatu za mraba, ile ya kwetu. Upande wa pawa saplai unaingia uleule. Usome mgongo wa pawa saplai uhakikishe inakubali volti 240. Ekstensheni nayo iwe ya nyaya tatu, maana ziko zenye matundu matatu na nyaya mbili ndani. Ukifanya hayo na mtetemo ukabaki, basi soketi ya ukutani au nyumba yenyewe haina ardhi inayofanya kazi. Hapo muite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, apime kwa mita. Kompyuta ikae imechomolewa hadi amalize, na watoto wasiiguse.