Oda 14 zilizogeuka 1: maandishi kati ya Qt na Python

Mama mmoja anayeuza dagaa wa jumla pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, aliniomba programu ndogo ya oda. Wateja humwandikia WhatsApp, yeye anabandika ujumbe kwenye kisanduku, anachagua kwa mausi oda za siku hiyo, programu inahesabu. Siku ya kwanza alichagua oda 14, ikamwambia 1.

“Mwanangu, mashine yako imenipotezea magunia.”

Nilikesha na split("\n"), amri ya Python ya kukata maandishi kila penye \n (alama ya mstari mpya), kumbe maandishi yale hayakuwa na \n hata moja. Ndani ya kisanduku, Qt (maktaba inayochora madirisha na visanduku vya programu) hutenganisha aya kwa alama U+2029 (namba yake katika Unicode, orodha ya herufi zote), na selectedText(), inayosoma kipande kilichochaguliwa, hukuletea alama hiyohiyo bila kuigusa. toPlainText(), inayosoma kisanduku kizima, ndiyo huigeuza kuwa \n. Majaribio yangu yote yalipita kwa sababu nilikuwa nasoma kisanduku kizima. Mama alisoma kipande. Tumia splitlines() ya Python, maana inaitambua U+2029.

La pili lilinitesa zaidi. Wateja wa Ukerewe hupenda kupamba oda kwa emoji ya samaki. Programu ilitakiwa kupaka rangi jina la anayedaiwa, lakini rangi ilianza herufi moja nyuma, na kila samaki akiongezeka inarudi nyuma tena. Python 3 humhesabu samaki huyo herufi 1. Qt huhifadhi maandishi kwa UTF-16 (mfumo wa kuhifadhi herufi kwa vipande vya biti 16), ambamo anakalia nafasi 2. Basi namba ya nafasi uliyoipata kwa find() ya Python usiipeleke ilivyo kwa QTextCursor, kishale cha Qt cha kuchagua na kupaka rangi. Ibadilishe kwanza:

len(s[:i].encode("utf-16-le")) // 2

Enzi za PyQt4 (daraja la kutumia Qt ndani ya Python) na Python 2, QString, yaani maandishi ya Qt, ilikuwa kitu tofauti waziwazi na maandishi ya Python, na mpaka ulionekana. PyQt5 inaibadilisha yenyewe kuwa maandishi ya Python, nami naipenda kwa hilo, ila ni rahisi mno kusahau kwamba mpaka bado upo.

Halafu sisi wa Kanda ya Ziwa tuna letu: majina ya Ng'wana. Baadhi ya simu huandika ’ (U+2019), kibodi ya kompyuta huandika ' (U+0027), na mteja mmoja akawa na madeni kwenye majina mawili. Hapo Qt na Python hazina kosa. Nageuza zote kuwa U+0027 maandishi yanapoingia tu, kabla ya kutafuta chochote.

Faili langu la majaribio sasa lina oda zilezile 14 za Mama, samaki na akina Ng'wana wakiwemo.