Mwanangu, waniuliza kama ni haki kustarehe

Kibokoni, Mombasa
Julai 2025

Mwanangu,

Salaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili kwa sauti, kwa sababu nyanyako hakukubali kusimuliwa. Wasema huko Leeds, Uingereza, joto limeshika, wenzako wa wodini wanagawana siku za likizo na kupanga safari za baharini, na wewe siku yako ya mapumziko wajifungia chumbani na simu: Gaza, Sudan, vijana wetu waliopigwa risasi hapa nyumbani. Ukauliza, "Mama, ni haki mtu kustarehe wakati kama huu?" Halafu chini yake ukaongeza, "Na hata nikitaka, sijui tena naanzaje."

La kwanza halinisumbui sana. Ni haki. Binamu yako alikuwa barabarani tarehe 25 Juni 2024, siku ile vijana walipoingia Bungeni kule Nairobi na hapa Mombasa wakaandamana. Alirudi sauti imekauka. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi ule Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi, na usiku huo binamu yako na wenzake wakakaa barazani hapa nje, wakala viazi karai, wakacheza karata mpaka nikawafukuza wakalale. Walikuwa wanajua majina ya waliokufa. Walikuwa wanacheka pia. Sikuona mmoja kati yao ambaye kicheko kilimpunguzia uchungu, wala aliyeonekana hajali. Waliojali walikuwa ndio hao.

Wewe unayeamka usiku kuangalia simu, nani anafaidika? Siulizi kwa ukali. Kama kuna mchango wa kutoa, toa. Kama kuna maandamano huko kwenu na roho yako yakupeleka, nenda, na unitumie picha. Lakini kupitia habari ileile mara ishirini, umelala chali, si kumsaidia mtu wa Khartoum. Ni kujichosha tu, kisha kesho yuaja mgonjwa wa saa moja asubuhi anakukuta umekwisha.

Wala usidhani hili ni jambo la zama zenu. Mshairi Muyaka bin Haji aliishi mji huu wakati Wamazrui, watawala wa Mombasa, wanavutana na Seyyid Said wa Maskati na Unguja, mvutano uliokwisha 1837 kwa Mombasa kushindwa. Tungo zake za vita ulifunzwa shuleni. Mtu huyohuyo alitunga ya mapenzi na ya maisha ya nyumbani, na wenyewe wakayahifadhi na hayo, hawakuchagua ya vita peke yake.

Sasa hilo la pili, la kuanzaje, ndilo nataka tulikalie.

Wajua watu wa bara wanavyotusema. Watu wa pwani wavivu, watu wa raha, mchana wote wamelala. Nimelisikia tangu nikiwa msichana na bado lanikera, maana anayelisema huwa amefika hapa saa sita mchana na kuondoka jioni. Hakumwona mwanamke wa mahamri hapa mtaani akiwasha jiko saa kumi za usiku. Hakuwaona wavuvi, ambao hawafuati saa ya ukutani bali wafuata maji, yakijaa sana, ndiyo bamvua, na yakijaa kidogo, ndiyo maji mafu, na kama maji yataka uondoke usiku wa manane, waondoka. Hata wale wa mikokoteni pale sokoni Marikiti, watu wasio na starehe yoyote ya kuzungumzia, ikifika adhuhuri utawaona wameegesha kivulini. Si uvivu. Ukilivuta gunia la viazi jua la Februari likiwa utosini, upepo wa kaskazi umekata, utaanguka. Mwili umepewa saa zake za kukimbia na saa zake za kukaa, na mji wote wazijua.

Majahazi nayo vivyo hivyo. Yalikuja na kaskazi kuanzia Desemba, kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakangoja hapa mpaka upepo ugeuke, kusi ianze mwezi wa Aprili, ndipo yarudi. Nahodha awe tajiri vipi, awe na mkewe anamlilia Maskati, alikaa. Katika kukaa huko alishona matanga, akapaka chombo deheni, mafuta ya kuzuia maji, akanunua boriti za mikoko, akala halwa, akasikiliza mashairi. Wengine wakaoa, na ndiyo sababu sisi tupo. Hakuna aliyeona kwamba miezi hiyo imepotea. Ilikuwa ni sehemu ya safari, imehesabiwa tangu mwanzo.

Nakwambia haya kwa sababu naona wewe wangoja dunia itulie ndipo upumzike, na pumziko lako halina saa. Laja likitaka, kwa hiyo haliji. Lipe saa.

Na Mungu amekupa saa nzuri kuliko yangu. Hapa Mombasa mwaka mzima jua latua karibu na saa kumi na mbili na nusu, ukitoka kazini saa mbili usiku ni giza na matatu tu. Huko kwenu mwezi huu, umeniambia mwenyewe, Maghrib ni saa tatu na nusu. Watoka zamu saa mbili, bado una saa nzima na zaidi ya mwanga, na jua limeshapoa. Hiyo ndiyo. Usiende nyumbani moja kwa moja. Ile bustani ya Roundhay uliyonitumia picha zake, yenye ziwa, si mbali na kwako. Nenda ukakae. Simu iache kwenye mkoba, na mkoba uufunge.

Joto lenyewe nalo, kwa kuwa walalamika: nyumba za Waingereza zimejengwa kuzuia joto lisitoke, ndiyo maana 19 Julai 2022, walipopita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza, watu wakawa wanaungua ndani kuliko nje. Nyumba zetu hapa Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na vichochoro vyembamba ili ukuta mmoja uutilie kivuli mwingine. Huwezi kuujenga upya mtaa wa Leeds, lakini waweza kufanya alivyofanya nyanyako alipohamia kwenye nyumba ya mabati Likoni: asubuhi mapema funga madirisha na uteremshe pazia, usiku fungua yote, pande mbili, upepo upite. Kunywa maji kabla kiu haijakushika. Chakula kizito ukile usiku. Wewe ni nesi, haya wayajua, lakini najua pia kwamba manesi huwaambia wengine.

Kuhusu safari ya baharini ya wenzako, nenda ukitaka. Mimi tu sina imani sana na starehe ya kununuliwa, ile ya kupiga picha kwanza na kufurahi baadaye. Furaha ambayo mimi naijua ni ya bei rahisi na haifanywi peke yako. Wakumbuka Mei 2020, serikali ilipoufunga Mji wa Kale kwa sababu ya korona, hakuna kuingia wala kutoka, na sisi tumo ndani ya Ramadhani? Wewe ulikuwa umekwama Nairobi, ukilia kwenye simu. Kazi zilikuwa zimesimama, nyumba nyingi hapa hazikuwa na kipato, misikiti imefungwa, hakuna tarawehe. Ikifika alasiri sahani zilikuwa zavuka kichochoro, yangu ya mbaazi yenda, ya jirani ya tambi yaja, na wakati mwingine sahani yangu mwenyewe yanirudia na kitu cha nyumba ya tatu. Watoto walipanda juu ya mapaa wakarusha tiara. Ami yako, ambaye hajawahi kusifu kitu, alisema hajaona Ramadhani yenye watu waliopikiana hivyo. Sikwambii ulikuwa wakati mzuri. Tulizika watu bila kuwaosha tulivyozoea. Nakwambia tu kwamba yote mawili yalikuwa mtaa mmoja, wiki moja, na hatukungoja la kwanza liishe.

Kwa hiyo tafuta mtu wa kubadilishana naye sahani. Yule mwenzako Mfilipino uliyesema anapika vizuri na pia yuko mbali na mamake, mwite. Mpikie wali wa nazi, hata ikiwa ni nazi ya kopo, nitafumba macho. Nendeni naye bustanini. Msipange mazungumzo makubwa. Zungumzeni habari za watu, nani kaachwa, nani kaolewa, huyo msimamizi wenu mkorofi. Kusengenya sana ni dhambi, kidogo ni dawa, na hapo usimwambie imamu kwamba nimesema mimi.

Na habari za dunia zipe nazo saa yake. Mimi nasikiliza redio baada ya Alfajiri, mara moja, nasikitika, naomba dua, kama kuna la kufanya nalifanya siku hiyo. Baada ya hapo redio ni ya taarabu. Binamu yako asema nimepitwa na mambo. Huenda. Lakini yeye ndiye huja kwangu kulala mchana akichoka, si mimi kwake.

Huku kusi yavuma vizuri, usiku twajifunika shuka, machungwa yamejaa sokoni. Mabuyu yako na achari ya maembe nimempa mama mmoja wa hapa Kuze anayesafiri Agosti kwa mwanawe Manchester, atakutafuta kwa simu. Kilo mbili tu, alikataa zaidi.

Jumapili usinipigie kuanzia saa nane za huko, maana hapa ni saa kumi na nitakuwa Lighthouse, pale kando ya bahari, na nyanyako. Atakula mihogo ya kuchoma na pilipili aliyokatazwa na daktari, tutaangalia meli zikiingia Kilindini, na sitashika simu hata ya mtoto wangu. Nipigie usiku, uniambie mwenzako amesemaje kuhusu wali.

Mamako